Bi Kona Aalikwa Uwanjani

Jumatatu, 3 Machi

Jana mbio, leo matusi. Nimefungua ukurasa wa klabu kabla hata ya kupiga mswaki. Kosa kubwa! Wameweka picha ya magari saba yakiingia kona ya tatu. Linaloonekana ni moja. Mengine sita yamo ndani ya wingu la vumbi, na lawama zote zimeniangukia mimi, mwagiliaji wa uwanja, dereva wa boza la maji.

Mtu anayejiita Mla Vumbi ameandika kwamba mwenye boza anamwaga maji kama mtu anayetia dawa ya macho. Mwingine ameuliza kama boza lina maji au lina upepo. Wa tatu ameligusa tumbo langu. Tumbo lina uhusiano gani na vumbi?

Hawajui kazi. Kumwagilia uwanja wa udongo ni elimu. Ukizidisha maji, magari yanagaagaa kama nguruwe. Ukiyapunguza, dereva anaendesha kwa kunusa. Jana nilipunguza kidogo. Kidogo tu! Nilikuwa nawahi kiti cha kivulini.

Sikuweza kula. Mama mkwe, ambaye alikuja kutusalimia mwaka jana na bado anatusalimia, aliuliza kama mayai yana kasoro. Nikasema hapana, Mama. Akayala.

Jumanne, 4 Machi

Usingizi umeniruka. Kila nikifumba macho naona herufi.

Nilikwenda kwa kinyozi ili nitulize mawazo. Kinyozi alinirushia maji usoni kwa kichupa chake cha kunyunyizia, kisha akawatangazia waliokuwa wakisubiri zamu kwamba yeye angalau haachi sehemu kavu. Wakaangua kicheko. Nikaondoka kwa hasira nikiwa nimenyolewa upande mmoja. Nimevaa kofia mchana kutwa.

Chini ya kofia hiyo ndipo wazo lilipozaliwa. Mtu akijitetea mwenyewe anadharauliwa. Akitetewa na mwingine anaheshimiwa. Kwa hiyo mwingine apatikane! Nimefungua akaunti mpya. Jina: Bi Kona. Mwanamke wa makamo, mpenzi wa mbio, mstaarabu, asiyeandika bila vituo.

Alihitaji picha. Nimepiga picha kitambaa cha meza ya sebuleni, ambacho Mama mkwe alikitarizi kwa mkono wake: ua jekundu, na juu yake kipepeo wa manjano ambaye bawa lake moja ni dogo kuliko jingine. Picha ya heshima kabisa.

Bi Kona ameandika: "Nimehudhuria mbio nyingi. Sijapata kuona udongo uliolainishwa kwa ustadi kama ule. Mwagiliaji, ambaye pia ana umbo la kupendeza, apewe haki yake."

Nimeusoma ujumbe huo mara kadhaa. Kweli tupu.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Bi Kona amevuna madole gumba mengi kuliko picha yenyewe. Watu wanamwita mama, dada, shangazi. Hata Mla Vumbi ameteremsha sauti na kumuuliza kwa adabu huwa anakaa banda gani. Bi Kona amejibu: la upande wa kivuli. Nimekula mayai yote.

Nikiwa nimevimba kichwa, nikamruhusu Bi Kona aendelee. Akaeleza kwamba vumbi la Jumapili halikutokana na maji kuwa machache, bali lilitokana na dereva mmoja, Kiberiti, mwenye gari jekundu, ambaye hufunga breki kama mtu anayefukuza kuku. Watu wakamrukia Kiberiti. Wengine wameweka picha za kuku.

Jioni Kiberiti alikuja yadi, akanikuta nikipaka pampu grisi. Ni kijana mpole, fundi wa baiskeli, na uso wake ulikuwa umesinyaa. Aliniuliza kama kweli anafunga breki vibaya. Alisema tangu asubuhi chakula hakipiti, na kwamba huenda Jumapili asishindane. Nilimwambia asiwasikilize watu wa mitandaoni, hawana kazi. Akanishukuru kwa moyo wangu mwema.

Nilijisikia vibaya kwa muda wa kukaza nati mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Mwenyekiti wa klabu ametangaza kwenye ukurasa kwamba Bi Kona, shabiki wa kupigiwa mfano, anaalikwa Jumapili kukabidhi kombe. Dakika haikupita, Mla Vumbi akaandika kwamba Bi Kona hatakuja, kwa sababu Bi Kona ana masharubu na anaendesha boza.

Mwenyekiti akaniita kwenye kontena analoliita ofisi. Alinikumbusha habari za yule mkata tiketi aliyekuwa akijisifu mtandaoni kwa jina la bandia, akamwaga unga. Akasema yeye si mtu wa kuamini uvumi. Lakini Jumapili, ama Bi Kona akabidhi kombe, ama mimi nikabidhi ufunguo wa boza. Alisema hayo akitabasamu. Mwenyekiti si mtu wa kutabasamu.

Lile boza nimeliendesha tangu lilipokuwa na rangi. Nalijua kila kikohozi chake. Nikinyang'anywa ufunguo ule, mimi ni nani? Mtu mwenye tumbo na nusu ya nywele.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemtia Bi Kona ugonjwa. Ameandika kwamba anasikitika sana, mguu umevimba, hawezi kusimama. Mpango safi.

Si safi. Watu wamemwombea dua ukurasa mzima. Mwenyekiti amejibu kwamba klabu itamtumia gari lenye kitanda, aelekeze tu nyumba. Kwa kuhangaika nikaandika kwamba Bi Kona amekwisha kusafiri. Mla Vumbi akauliza: kwa mguu upi?

Nimezima simu na kuifungia kabatini. Nimeitoa. Nimeirudisha. Nimeitoa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwendea mke wangu nikapiga magoti ya moyoni. Nikamweleza yote na kumwomba awe Bi Kona kwa saa moja tu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema hawezi kusimama mbele ya kadamnasi akasifu maji ya mtu ambaye bomba la jikoni kwake linavuja tangu watoto wakiwa wadogo. Akarudi kwenye pasi yake.

Basi, ikabaki njia moja. Alipotoka kwenda sokoni nilichukua gauni lake la sherehe na mtandio. Mtandio ulikaa vizuri na kuficha kichwa kilichonyolewa nusu. Gauni lilifika mabegani likagoma. Nilikuwa mbele ya kioo cha sebuleni, mkono mmoja ndani, mwingine nje, Mama mkwe alipoingia.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema nakagua mishono, Mama. Alinitazama kuanzia juu hadi chini, akasema mishono inateseka.

Hakutoka. Akakitazama kitambaa cha meza, akanyoosha pembe yake moja, akampapasa kipepeo kwa kidole. Kisha akauliza mbio za kesho zinaanza saa ngapi. Nikamwambia mchana. Akasema haya, baba, vua nguo ya mwanangu kabla haijapasuka.

Jumapili, 9 Machi

Acha niandike polepole.

Nimefika uwanjani kabla ya mtu yeyote. Sikutaka mchana ufike, kwa hiyo nimeendesha boza taratibu kuliko siku zote. Nimemwagilia kila kona kama mtu anayeaga. Nimerudia palipokauka. Sikukiangalia kiti cha kivulini hata mara moja.

Magari yakatoka. Vumbi hakuna! Uwanja umeshika matairi vizuri, watu wanaona kila kitu. Kiberiti naye alikuja, uso bado umesinyaa, na kila alipokaribia kona alifunga breki mapema mno, kwa woga. Mizunguko miwili ya kwanza alikuwa wa mwisho. Nilimwona akipitwa na moyo ukanichoma, nami sikuwa nimepanga kuchomwa. Mzunguko wa tatu sijui nini kilimwingia. Akawa kama amesahau simu yake ilipo. Akawapita mmoja mmoja, akashinda.

Ndipo mtangazaji akashika kipaza sauti. Bi Kona, njoo ukabidhi kombe. Watu wakageuza shingo. Bi Kona tafadhali. Mtu mmoja nyuma akalia kama kuku. Mwenyekiti akageuka kunitazama. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikaanza kutembea kwenda kwake.

Kelele zikasikika kutoka banda la kivuli. Mwanamke amesimama. Anateremka ngazi bila haraka, mabegani amejitanda kitambaa: ua jekundu, kipepeo wa manjano, bawa moja dogo. Watu wakaitambua ile picha. Wakapiga makofi na mbinja mpaka mabati yakatetemeka.

Mama mkwe!

Aliuliza kwa sauti ni nani aliyesema ana masharubu. Kinyozi, ndiye kinyozi wangu yule yule, akavua kofia na kukiri kwamba yeye ndiye Mla Vumbi, na akaomba radhi mbele ya watu wote. Kumbe! Mama akampa kombe Kiberiti, akamwambia kwamba yale maneno ya breki yaliandikwa kijinga, kwamba leo amemwona kwa macho yake anavyoendesha, na anayemsema mtu ili kujikosha mwenyewe aone haya. Alisema hayo akimtazama Kiberiti kwa jicho moja. La pili lilikuwa kwangu. Kiberiti alicheka, kisha akafuta macho kwa glavu, akajipaka tope uso mzima.

Mwenyekiti akaniambia nirudishe ufunguo mfukoni, ya nini kuushika jua lote hili. Nikakaa kwenye ngazi ya boza. Nilicheka peke yangu kama mwehu, nikanywa maji ya bomba la boza, matamu.

Nyumbani Mama alikitandika kitambaa mezani. Alisema yule kipepeo alimtarizi siku uzi ulipomwishia, hana mwenzake duniani, na shoga yake alipomwonyesha simu alijua mara moja picha imepigwa kwenye meza ipi. Kisha akaomba neno la siri la Bi Kona. Hakuomba mara mbili. Nikampa.

Nimekula kiapo: sitaandika tena kwa jina la bandia. Nimekwenda pia nikakaza bomba la jikoni. Najisikia kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelala usingizi wa kitoto. Nimekula mayai kabla Mama hajatoka chumbani. Kinyozi amenimalizia upande uliobaki, bure, na hakunirushia hata tone. Kiberiti amepita na baiskeli ya mteja, akanipungia mikono yote miwili, karibu aanguke. Dunia ni nzuri.

Nikafungua ukurasa, kuonja sifa tu. Picha safi, magari yote saba yanaonekana. Chini yake ameandika Bi Kona, yaani Mama, akiwa chumbani kwake, hatua chache kutoka nilipokaa! Anawashukuru wote. Anasema maji ya jana yalikuwa mazuri, ila kona ya nne palikuwa na kidimbwi, na mwagiliaji ajifunze kuchomekea shati. Madole gumba yanamiminika kama mvua. La kwanza ni la mke wangu.

Kidimbwi! Kona ya nne! Uzushi. Palikuwa na unyevu. Unyevu kidogo tu.

Mimi nina adabu zangu, siwezi kubishana na mama mkwe. Hilo halifikiriki. Lakini hakuna adabu inayomzuia mtu mwingine kumjibu. Mzee mstaafu, kwa mfano, mtu wa busara, aliyeona kona ya nne kwa macho yake. Jina lake Bwana Breki. Nimekwisha kumfungulia akaunti.

Safari hii nimekuwa mwangalifu. Kitambaa cha meza sikukigusa. Nimepiga picha foronya ya mto wa kiti, ile iliyotariziwa samaki. Samaki mwenyewe ana jicho moja tu, la pili halikumaliziwa, lakini ni nani duniani atakayemtambua?