Alizeti Baada ya Siagi

Jumatatu, 3 Machi
Iandikwe kwamba leo, saa tatu asubuhi, fundi cherehani huyu amehamia rasmi kwenye mafuta ya alizeti. Kolesteroli imepanda. Ya shemeji, kaka wa mke wangu, nayo imepanda. Tulipimwa benchi moja. Nesi kampa kila mtu kadi yake. Wiki sita, kisha tunapimwa tena. Isiposhuka, vidonge kila siku. Shemeji anasema mimi ndiye nitakayetangulia kuvimeza. Tutaona. Kadi yangu ni fupi: mafuta ya alizeti baada ya siagi. Sikutegemea dawa iwe tamu hivi.

Alhamisi, 6 Machi
Mkate, siagi, halafu kijiko cha alizeti. Natii. Nyumbani siagi imeisha, na alizeti hainyweki bila kutanguliwa. Nimenunua ya dharura. Ipo dukani kwangu, kwenye sanduku la vifungo.
Nimefanya na utafiti. Siagi kisahani kimoja, alizeti kingine, dirishani penye baridi. Siagi imeganda, alizeti inateleza. Nikaelewa: moja inaziba, nyingine inafuata nyuma kuzibua. Nesi yule ana akili.

Jumapili, 16 Machi
Kinyozi wa mlango wa pili kanitia hofu. Eti mafuta ya mbegu yanavimbisha mwili kwa ndani, kaona kwenye simu. Nimetoa futi. Kifundo cha mguu wa kushoto: inchi tisa na nusu. Nitapima kila asubuhi.

Jumanne, 8 Aprili
Kifundo: tisa na nusu, siku ya ishirini na nne. Kinyozi muongo. Suruali inabana, lakini kitambaa kile kinasinyaa, nakijua.
Shemeji anakula mkate kwa alizeti tupu, siagi hagusi. Karuka hatua ya kwanza. Sijamwambia.

Jumatatu, 14 Aprili
Majibu. Ya shemeji imeshuka. Yangu imepanda zaidi. Nikamwambia nesi nimefuata kadi neno kwa neno, nikamtolea. Akaisoma, akanitazama, akauliza: baba, hii "badala" umeisomaje? Nikasema "baada". Benchi zima likageuka. Shemeji akatoka nje kucheka.
Kumbe alizeti ilitakiwa ichukue nafasi ya siagi, si kupokezana nayo zamu. Mwandiko wake nao una lawama, nilimweleza. Nikampa na vipimo vya kifundo. Akasema uvimbe huo wa ndani haupimwi kwa futi, unapimwa kwenye damu, na watu waliochunguzwa wakitumia mafuta ya mbegu haukuonekana kupanda. Ameniongezea wiki sita, za mwisho. Vidonge viko mezani kwake. Nimeviona.

Jumanne, 15 Aprili
Ukurasa mpya. Siagi yote nimempa kinyozi. Kadi nimeisoma kwa miwani, herufi moja moja. Inakataza siagi. Samli haikutajwa popote. Nimenunua kopo.
Mke wangu anasema samli ni siagi iliyochemshwa.