Matundu Mawili ya Amplifaya ya Kanisa

Jumanne, 6 Agosti 1996
Amplifaya ya kanisa imekufa na nimekabidhiwa mimi! Ugonjwa naujua: kapasita moja imevimba. Baba amesema isipoongea Jumapili, Jumatatu naenda Ndanai kwa shangazi kufundisha watoto wa shule ya nasari. Mimi, na diploma ya elektroniki! Njenga, fundi wa kibanda kilicho jirani na changu, ambaye hutibu redio kwa makofi, ameniuliza kama nimejaribu makofi.

Jumatano, 7 Agosti
Kapasita mbovu imetoka. Lakini risasi ya kulehemu imebaki kwenye matundu yake mawili, imeganda kama nta, na miguu ya kapasita mpya haipiti. Kitabu kinataka pampu maalumu ya kunyonya. Kapsoit nzima haina. Mpango: nayeyusha risasi, nainyonya kwa mrija wa kalamu. Mrija uliyeyuka kwanza. Mdomo wangu umevimba kuliko ile kapasita.

Alhamisi, 8 Agosti
Mpango mpya. Nayeyusha, kisha nagonga bodi ukingoni mwa meza ili risasi ichomoke. Ilichomoka kidogo. Tone likatua kwenye kofia ya Njenga, likatoboa. Tundu safi kabisa! Yangu bado yameziba. Njenga alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, kumbe madam fundi naye siku hizi anatibu kwa makofi!

Ijumaa, 9 Agosti
Kogo, nyanya yangu, alikuwa akisugua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa sosiot, kile kijiti chake chenye nyuzi ngumu kichwani. Akachomoa unyuzi mmoja, akasema nidunge nao risasi ikiwa moto, maana haishikani na mti. Nilimweleza fizikia nusu saa. Akasema, haya, mwalimu. Sikupenda alivyolitamka neno hilo.
Mpango wangu: waya wa shaba uliosukwa hunywa risasi kama sponji. Upo ndani ya kebo ya antena ya Njenga. Nilikata kipande kidogo tu. Kina kutu. Hakikunywa kitu! Njenga amekosa mpira kwenye televisheni, analaumu tumbili. Sikuwatetea.

Jumamosi, 10 Agosti
Aibu. Kogo amekuja kibandani bila kualikwa. Akaniamuru nipashe moto. Nikapasha. Akadunga, akazungusha unyuzi, akachomoa. Nikaona dirisha kupitia tundu! La pili vivyo hivyo. Kapasita ikaingia. Amplifaya ikanguruma.

Jumapili, 11 Agosti
Mchungaji amesikika mpaka kwenye mashamba ya majani chai. Baba ametabasamu. Ndanai imefutwa!
Njenga ameuliza, kwa heshima, nilitumia nini. Nimemwambia kifaa maalumu. Nyuzi za Kogo zilikuwa za dharura tu. Sayansi ni pampu. Ile ya baiskeli ya Baba itanyonya nikigeuza ngozi yake ya ndani. Nimeshaifungua. Najaribia kwenye redio ya Baba, ile ya taarifa ya habari ya saa saba. Kwa sasa pampu inapuliza, na risasi imetapakaa redio nzima. Nimekaribia sana!
Kogo amechungulia mlangoni, akatazama redio, akaenda kunikunjia nguo sandukuni. Sijui kwa nini.