Suruali ya Kwandu na Pua Yangu

Jumatatu, 1 Julai 1996

Kwandu, huna haya! Mke wa mjukuu wangu, unapita kisimani hapa kijijini Ngulyati na suruali ya mtumba inayoandika makalio kwa herufi kubwa! Nilimwambia hivyo mbele ya ndoo zote. Akajibu kwa upole kwamba mwili ni wake. Luhaga mwenye duka akadakia: siku hizi soko huria, bibi, kila mtu ajichagulie. Huria! Ng'ombe wangu nao wakijichagulia, watalala kwenye shamba la pamba la nani?

Jumatano, 3 Julai

Nimekwenda kwa Shigela, mtemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wetu wa kijiji, na jogoo kwapani. Si hongo. Heshima. Nikamtaka atunge sheria: anayetia kijiji aibu atengwe siku saba. Asisalimiwe, asipewe moto; atakayemsalimia naye atengwe. Akauliza aibu ni ipi. Nikasema wazee wanaijua kwa macho. Jibu alilipenda. Jogoo pia.

Ijumaa, 5 Julai

Mkutano. Sheria imepita! Nikapiga vigelegele peke yangu. Kwandu kaja na khanga mbili, mjanja. Akasimama Wilhelmina, jirani yangu mlokole. Eti tuanze na bibi anayenusa ugoro na kupiga chafya katikati ya maombi ya msiba. Aibu hiyo wazee wanaijua kwa macho. Maneno yangu! Mwizi! Nikapaza sauti: pua ni yangu, sungusungu wanatafuta nini ndani yake? Luhaga akapiga makofi. Shigela akahesabu mikono. Wa kwanza kutengwa: mimi.

Jumamosi, 6 Julai

Nimewaamkia mwangaluka watu kumi na mmoja. Kimya. Hata Shigela, na jogoo wangu tumboni mwake! Moto umezimika. Luhaga kaninyima kiberiti: duka lake, eti naye anajichagulia mteja. Michembe, viazi vyangu vikavu, imelala kwenye maji baridi, inanitazama. Sheria ya kishenzi hii. Nani aliitunga?

Jumapili, 7 Julai

Kwandu kaingia na makaa kwenye kigae. Suruali ile ile! Mwangaluka, bibi. Nikamwonya atatengwa naye. Akasema ugoro wangu unanuka vibaya, lakini pua ni yangu, na wa kumsalimia anamchagua mwenyewe. Machozi yakanitoka. Moshi. Tukala michembe mpaka ikaisha. Mfukoni mwa suruali alinifichia ugoro. Mifuko mizuri, nakiri.

Jumatatu, 8 Julai

Nimefikiri usiku kucha. Pua ni ya mtu binafsi. Miguu ni ya ukoo. Na sheria ni sheria: Kwandu kamsalimia mtu aliyetengwa, tena kwa suruali. Shahidi ninaye, ni mimi. Karatasi hii naichomoa, naiacha mlangoni kwa mjukuu wangu. Mayige, usinijibu, nimetengwa. Kamata yule jogoo mwekundu aliyebaki, mpelekee Shigela kabla jua halijawa kali, umshtaki mkeo. Ila kwanza muulize ugoro ule aliununua wapi, uniletee mwingine.