Pijo ya Kumpokea Selpher

Jumanne, 3 Agosti 1971

Barua kutoka Yala! Mke wangu anakuja. Atafika kwa treni Jumamosi ya tarehe 14. Mtoto wetu Awiti ataachwa kwa nyanya yake. Selpher anasema atakaa mwezi mmoja aone, na Nairobi ikimpendeza hatarudi. Nimeisoma mara sita, mara mbili kwa sauti, kwa maana chumba hiki cha Riruta hakijasikia sauti ya mtu tangu Ijumaa.

Miaka mitatu nakula peke yangu nikitazama ukuta. Nimechoka. Naweza kusema hivyo hapa, hakuna asomaye.

Nimenunua kikombe cha pili.

Jumatano, 4 Agosti

Kazini, Zadock kaniazima ushauri nisiouomba. Huyu Zadock ni karani mwenzangu, jirani yangu, na bahati mbaya ni mtu wa kwetu. Mkewe Milcah alipokuja mwezi wa tano, alimpokea stesheni kwa baiskeli. Mama mzima juu ya keria, kapu mapajani, mpaka Riruta! Walifika wanacheka kama wendawazimu. Sasa anasema baiskeli ipo, niichukue.

Nikamshukuru kwa ubaridi. Mimi Were sitampokea mke wangu kwa baiskeli ya mtu.

Saa sita nikamjibu Selpher. Nilikusudia kuandika kwamba nitamngoja. Nikaandika kwamba nitamngoja na gari. Kisha nikaona haitoshi, nikaongeza kwamba gari ni langu, Pijo, na kwamba nimelizoea sasa hata silitaji. Nikatia stempu kabla ya kujirudi.

Akisikia hivyo, atakaa.

Alhamisi, 5 Agosti

Mambo ni rahisi kuliko nilivyodhani! Karibu na River Road kuna ofisi ya kukodisha magari. Kibao dirishani: gari kwa siku, shilingi thelathini. Mwenyewe ni Bwana Mbarak, mtu wa Mombasa, kofia safi, sauti ya upole. Aliniambia nikae, akanieleza mambo mengi kwa utaratibu. Nilikuwa nikitikisa kichwa. Sikusikia hata moja. Macho yalikuwa kwenye Pijo ya kijivu pale nje, na mawazo yalikuwa stesheni, Selpher akishuka.

Mwishoni aliniuliza kama nimemwelewa. Nikamwambia mimi ni karani, bwana.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimekwenda na shilingi thelathini zangu mkononi. Bwana Mbarak akazitazama kwa huruma.

Kumbe hizo ni za gari kusimama. Likienda, kila maili ina bei yake. Petroli juu yangu. Bima juu yangu. Halafu amana, shilingi mia mbili, kabla sijagusa hata mlango. Akasema nisihofu, amana inarudi. Nikamwuliza kama inarudi, kwa nini iende. Alicheka mpaka akakohoa, akaniagizia kahawa, lakini hakupunguza hata senti.

Kisha akaomba leseni yangu. Nikamwambia nimekuja kukodi gari, si kuonyesha leseni. Akasema basi nitahitaji dereva. Dereva pia ana bei yake. Na dereva akingoja, kungoja nako kuna bei.

Nilitaka kuondoka. Niliinuka kabisa. Lakini nikaona kwa mawazo kikombe kile cha pili mezani kwangu, kimefunikwa, nikakaa tena.

Nimetoa fedha za mabati. Zilikuwa Posta tangu mwaka juzi, za nyumba yetu ya Yala inayovuja. Mabati yatangoja. Hata hivyo amana inarudi.

Ijumaa, 13 Agosti

Shuka mpya. Kuku mmoja, amekaangwa na Milcah, ambaye hakutaka malipo. Chumba kimefagiliwa mara tatu. Nimekutana na dereva, Isaiah, kijana wa Mutuini, mpole. Nimempa shilingi mbili aniite mzee mbele ya mke wangu, na akiulizwa gari ni la nani aninyooshee kidole. Alizitia mfukoni, akaniuliza kama mama huyo hasomi maandishi ya kampuni yaliyoko mlangoni mwa gari.

Sikuwa nimeyaona. Nitasimama hapo mlangoni, niyafunike kwa koti.

Zadock kapita tena jioni. Baiskeli bado ipo, anasema. Kaitia upepo.

Jumamosi, 14 Agosti

Treni iliingia saa mbili na nusu. Nilisimama na koti langu. Walishuka watu wa Kisumu, wa Nakuru, mama wenye magunia, askari wawili, mzee mwenye jogoo. Kila kitambaa cha kichwa nilidhani ni chake. Watu wakapungua. Nikatembea nikichungulia mabehewa, moja moja, mpaka mfagiaji akaniuliza nimepoteza nini.

Hakuja.

Isaiah alikuja kunikumbusha kwa heshima kwamba kungoja kunahesabiwa.

Nikawaza: gari ni langu hadi saa kumi na mbili, na limeshalipiwa. Nikaamuru twende Loresho, tupite nyumbani kwa bosi wangu, angalau mtu mmoja anione. Geti lilikuwa limefungwa. Mbwa wake alituona. Tukazunguka mara ya pili, mbwa akatuona tena.

Riruta sikuthubutu kuingia kabla watu hawajatulia, maana Milcah na Zadock walikuwa wamekaa nje wakingoja kumsalimu mgeni. Tukaegesha kando ya barabara. Nikafungua kuku niliyembeba kwa ajili ya Selpher. Isaiah alisema, "Mzee, hii kuku iko sawa sana, aliyeipika ni bibi yako?" Nikasema ndiyo. Akanisimulia habari za mkewe, jinsi wanavyogombana kuhusu redio, huyu anataka nyimbo, huyu anataka habari. Nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka na chakula mdomoni. Nikamwomba anisimulie tena, akatazama saa yake, akasema mzee samahani, nyumbani wananingoja.

Nilimwambia Zadock treni imechelewa kwa siku kadhaa. Milcah aliniletea uji.

Jumatatu, 16 Agosti

Amana imerudi! Shilingi thelathini na nane. Nyingine zimebaki huko: maili za Loresho, petroli, kungoja, na mafuta ya kuku kwenye kiti. Bwana Mbarak alinisomea kila mstari, na kila mstari akasema, "Nilikueleza siku ile, bwana wangu." Ni kweli alinieleza. Ndiyo inayouma.

Kazini nikakuta barua ya Selpher, ya tangu Jumanne. Nainakili hapa:

"Baba Awiti. Nilikuwa nimefunga kapu. Nimesoma habari za gari, nikafungua kapu tena. Mtu mwenye Pijo anatuma nyumbani shilingi arobaini kwa mwezi? Mvua inanyesha juu ya kitanda cha mama yako, tumeweka sufuria. Na siku ambazo mimi sipo, anayekaa kwenye kiti cha kando yako garini ni nani? Mimi nilikuwa nakuja kukuona wewe. Miguu ninayo. Leta kwanza mabati kumi na mawili, kisha tutazungumza habari za kuja."

Mabati kumi na mawili. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nayo yote Posta, na ya misumari.

Nimekaa kitandani juu ya shuka mpya mpaka giza likaingia. Sikuwasha taa. Ya kazi gani?

Jumanne, 17 Agosti

Nimemwonyesha Zadock barua. Ilinibidi, kifua kilikuwa kinapasuka. Aliisoma, akasema niandike ukweli leo hii: gari sina, sijawahi kuwa nalo, njoo. Akasema yule mama atanitukana barua nzima kisha atapanda treni. Nauli atanikopesha. Baiskeli ipo.

Nilimtazama kwa huruma. Ni mtu mwema, lakini hana akili ya mambo haya. Mwanamume aandike kwa mkono wake kwamba alidanganya?

Jumatano, 18 Agosti

Nimelala vizuri. Jibu nimelipata asubuhi nikinyoa ndevu. Kinachomzuia Selpher ni nini? Gari. Basi gari liondoke!

Nimemwandikia kwamba Pijo nimeiuza. Nimeiuza jana, kwa fedha taslimu, ili tu apate amani ya moyo. Bei nimeandika shilingi elfu sita, asije akafikiri mumewe ni mtu wa kupunjwa.

Nimetia stempu. Nimeosha vikombe vyote viwili. Sasa sioni atakachouliza tena.