Bunduki ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Baba mkwe mikono inamtetemeka siku hizi. Anataka kuisalimisha polisi bunduki yake ya kuwindia. Anatafuta pia msimamizi wa shamba. Mwenye akili anaona uhusiano: atakayemfaa kwa bunduki ndiye atakayepewa usimamizi. Bahati mbaya Mtanashati, mume wa shemeji yangu, naye kauona. Kajitolea kumpeleka mzee kwa gari lake linalonukia marashi. Nikamkatiza: anaijua sheria ya kusafirisha silaha? Nikasema mimi naijua neno kwa neno. Mzee akanikubalia. Sasa imebaki kuisoma tu.

Jumanne, 4 Juni
Nimesoma. Ukurasa mzima! Bunduki iwe tupu, kwenye kasha lenye kufuli, ndani ya buti. Risasi zikae mbali nayo. Mwenye leseni awepo. Hilo la mwisho nimeliona ni pambo tu. Mzee akiwepo ataongea yeye, sifa nazo zitakuwa zake. Nikamwambia apumzike, nitamwakilisha. Mke wangu kauliza kama nina wazimu. Hajasoma ule ukurasa.

Jumatano, 5 Juni
Nimeondoka asubuhi. Bunduki kwenye buti. Risasi mbali nayo kabisa: mfuko wa shati langu. Kwenye kizuizi askari mmoja, mwanamama mpole, akauliza nimebeba nini. Mwingine angebabaika. Mimi nikajibu kwa sauti ya kujiamini: "Bunduki, afande! Lakini usiogope!" Abiria wa gari la nyuma wakalala chini. Watu wazima, jamani! Nikainama kufungua buti, risasi zikamwagika miguuni pake kama njugu. Akaomba leseni. Nikamweleza iko salama nyumbani, pamoja na mwenyewe. Akaniomba nipande gari lake. Hakuomba mara mbili.

Alhamisi, 6 Juni
Nimelala rumande, nikiwaelimisha wenzangu kuhusu sheria. Wawili waliomba kuhamishwa chumba. Mchana mzee akafika na leseni. Nani kamleta? Mtanashati, na marashi yake! Kapokewa kama balozi. Afande kamsifu kwa kuja na mwenye leseni, kana kwamba ni ugunduzi. Bunduki imebaki kituoni, kulekule ilikokuwa inakwenda. Kwa hiyo kazi nimeimaliza mimi! Nimeachiwa kwa onyo. Njiani mzee alisema neno moja tu: "Mwanangu..." Kisha akatazama dirishani hadi nyumbani. Naona shukrani zilimzidi.

Jumamosi, 8 Juni
Mtanashati kapewa usimamizi wa shamba. Upendeleo mtupu! Lakini mzee anataka nyuki wake wahamishiwe upande wa pili wa mji, na Mtanashati anaogopa kuumwa. Nafasi yangu hiyo. Safari hii sikurupuki. Nimempigia simu yule afande wa kizuizini, nikamuuliza kwa adabu: mtu akitaka kupitisha mizinga minne kwenye kizuizi, yote imejaa, anahitaji leseni gani? Akaniuliza mara mbili: mizinga? Kisha akauliza niko wapi. Nikamwelekeza mpaka getini. Kasema nisiguse kitu, yanakuja magari mawili.

Magari mawili! Kwenye langu ingebanana. Huyu mama ana roho nzuri sana.