Disketi kwa Mama Asenath

Patrobas Mulama aliiona kompyuta ile kwa Wanyoike, mwenye bekari mtaa wa Jericho, ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya bibi arusi, na moyo wake ukamshukuru Mungu. Anayenunua mashine asiyojua kuiwasha ni riziki inayotembea.

Programu ya mishahara Patrobas alikuwa nayo. Aliinakili katika ofisi moja ya mjini alikokuwa akifagia, akamwambia Wanyoike ameiunda mwenyewe. Ila Wanyoike naye alikuwa mtoto wa mjini.

"Na ukikufa, nani ataitengeneza?" akauliza. "Mimi nataka yale maandishi yenyewe uliyoundia hii kitu." Kimoyomoyo alipanga kuyauzia mabekari yote ya Eastlands.

"Mzee, mnunuzi hapewi maandishi ya asili ya programu," Patrobas akasema kwa sauti ya padri. "Yanawekwa kwa mtu wa kati. Nikifa au nikitoroka, unayachukua."

Mtu wa kati akawa Mama Asenath Khavere, mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwenye sanduku la bati na kufuli isiyojua utani. Patrobas aliweka bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Wanyoike akaweka logibuku, hati ya umiliki wa pikapu yake, kwani pikapu ndiyo bei waliyokubaliana. Programu ikifanya kazi miezi mitatu, pikapu ni ya Patrobas. Akifa kabla ya hapo, vyote viwili ni vya Wanyoike. Wakatia sahihi, na hakuna aliyejua, ila Patrobas, kwamba bahasha ile ilikuwa na disketi isiyo na hata herufi moja.

Wiki ya mwisho ya miezi hiyo mitatu, Patrobas akinywa chai ya jioni nyumbani Buruburu, redio ilisoma matangazo ya vifo. Patrobas Mulama amefariki ghafla huko Mombasa. Marehemu alijimwagia chai mapajani.

Alikimbia hadi kwa Mama Asenath. Sebule ilijaa waombolezaji, Wanyoike analia kwa leso mbili. Patrobas alikuwa amefungua mdomo aseme yu hai alipoiona bahasha mezani, imefunguliwa, na kando yake askari akinywa soda.

"Mzee alipotuletea habari ya kifo asubuhi, tulijaribu disketi kwa kompyuta yake," alisema Mama Asenath. "Ni tupu. Afande anasema huyo Patrobas angekuwa hai, leo angelala ndani. Na wewe ni nani?"

"Mimi ni pacha wake," akasema Patrobas.

Wanyoike alipaliwa na kilio. Alimtambua vizuri sana, lakini anayetangaza kifo cha uongo naye hulala ndani.

Mama Asenath, aliyewashuhudia wote wawili wakitia sahihi, aliwatazama kwa zamu.

"Poleni. Pacha, utaenda Mombasa kuleta mwili. Mzee Wanyoike, kwa vile una uchungu hivyo, utampeleka na pikapu yako. Logibuku itakaa hapa mpaka tuzike."

"Hata leo, Mama?" akauliza Wanyoike, leso zake zimekauka.

"Saa hii. Na msirudi bila mwili."

Pikapu ilifika Athi River, njia ya Mombasa. Hapo Wanyoike akauliza polepole, "Sasa huko Mombasa tunaenda kutafuta nini?"

"Si ni wewe ulitangaza," akajibu marehemu.