Muhuri wa Kuthibitisha Kwamba Nimeongea

Jumapili, 2 Februari 2025

Nimeshikwa. Kaindi, jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Kangemi, amenichoma kwa binti yangu. Amemwambia Cate kwamba kila siku saa saba mchana, nikiwa kazini River Road, simu hulia ndani ya chumba changu kilichofungwa kwa kufuli. Hulia mpaka ichoke. Kisha hulia tena. Mwanzoni alidhani ni majini, akaomba. Maombi hayakusaidia, akajua ni Baba Cate.

Ni kweli. Ni simu ya marehemu Wamucii, mke wangu. Naiweka kabatini kando ya kopo la majani ya chai, chaja ikiwa imechomekwa, na naiwekea salio ili laini isifungwe. Nampigia kwa sababu ya ule wimbo ambao mtu husikia kabla simu haijashikwa. Aliweka wimbo wa kwaya yao ya akina mama wa kanisa. Waliurekodi ghorofani, nyumba ya tatu kutoka kazini kwetu. Niliwapelekea mandazi. Kwenye kiitikio kuna sauti moja inayoanza kabla ya zingine. Ndiye yeye. Mwalimu wa kwaya alimkemea miaka kumi na mmoja. Yeye alijibu kwamba lazima mtu awafungulie wenzake mlango.

Cate alikuja baada ya ibada, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema Baba, hii si kawaida, ni miezi mitano sasa. Akatoa amri. Nitafute mshauri nasaha, mmoja wa wale wanaosikiliza watu mtandaoni. Niongee naye kabla ya Jumapili ijayo. Nilete ushahidi. Nisipoleta, atachukua simu ya mama yake na kufunga laini.

Aliposema kufunga alitazama sakafu. Ana kidevu cha mama yake. Nikasema sawa. Kwa kidevu kile ningesema sawa kwa lolote.

Jumatatu, 3 Februari

Cate amenitumia ukurasa wa washauri. Thelathini na wanne! Wote wanatabasamu na kuinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza iwapo sufuria imeanza kuchemka.

Wa kwanza anafanana na mama mkwe wangu. Hapana. Wa pili ni rika la Cate. Nitamwambiaje mtoto kwamba juzi nilipiga pasi gauni ambalo hakuna wa kulivaa? Wa tatu anasema anahudumia viongozi wa makampuni. Mimi hutengeneza mihuri ya makampuni tu.

Nimemchagua Bwana Odero kwa ajili ya sweta yake. Imefumwa kwa mkono. Wamucii alinifumia moja, mkono mmoja ukawa mrefu kuliko mwingine. Alisema huo ndio mkono wangu wa kufikia sukari.

Kuna fomu. Nini kimekuleta? Viboksi vingi: wasiwasi, ndoa, pombe, msiba. Nikaweka alama kwenye Mengineyo. Wakataka maelezo. Nikaandika: Binti yangu.

Muchiri alinichungulia begani. Muchiri ni fundi mwenzangu. Tunakata mihuri meza moja na tunagombania kiti kimoja, kile cha dirishani, pekee chenye mgongo. Nimekishikilia tangu Septemba. Jinsi nilivyokipata sitaki kuandika. Basi akaziona picha za wale wanawake wanaotabasamu, akapaza sauti duka zima lisikie: Eeh! Ndegwa ameanza kutafuta bibi!

Ningeweza kusema ukweli. Ningeweza kusema natafuta mtu wa kuniambia kwa nini sili. Nilisema ndiyo, natafuta bibi.

Wamucii, nisamehe. Wateja wawili walinipongeza.

Jumatano, 5 Februari

Siku ya Bwana Odero. Aliandika kwamba nitafute mahali pa faragha. Faragha! Nyumbani Kaindi husikia nikikoroga chai. Nikajifungia stoo ya duka, katikati ya maboksi ya wino, simu nikaiegemeza kwenye chupa.

Bwana Odero alikuwa mpole. Alinikaribisha. Aliniuliza ni nani niliyempoteza. Nikafungua mdomo. Mlango ukafunguliwa pia. Muchiri, akitafuta pedi za wino. Akasimama pale pale, akaanza kuhesabu pedi polepole kama mtu wa mizani.

Nikafanya nilichoweza. Nikajifanya naongea na muuzaji wa wino.

Bwana Odero akauliza imepita muda gani. Nikasema tangu mzigo wa mwisho ni miezi mitano. Akauliza nalala vipi. Nikasema vipande vipande, hasa wino wa zambarau. Akauliza iwapo kuna mtu karibu nami anayenisaidia kubeba. Nikasema hapana, nitabeba mwenyewe, iko kwa chupa ndogo.

Hapo Bwana Odero akafunga macho. Nadhani alikuwa akiniombea. Nikamshukuru kwa huduma nzuri na nikakata.

Muchiri akaniambia muuzaji huyo ana sauti ya upole sana, lazima ni mwizi.

Nimeona haya mpaka masikio yakawaka. Bwana Odero ametuma ujumbe kwamba nafasi bado ipo nikiwa tayari. Sijajibu. Utamjibu nini mtu uliyemwagiza wino?

Alhamisi, 6 Februari

Shetani anajua anwani ya duka letu.

Asubuhi oda ya muhuri iliingia kwa simu ya duka. Gurleen, mshauri nasaha, huduma kwa njia ya mtandao, na nambari yake ya simu, ofisi Adams Arcade. Kati ya mafundi wote wa River Road!

Niliukata mwenyewe. Kwenye mpira herufi hukaa kinyume, na mimi husoma kinyume haraka kuliko kawaida. Wamucii alikuwa akisema ndiyo sababu nikiambiwa jambo husikia lingine. Muhuri ulitoka safi. Duara mbili, nyota ndogo chini. Sijawahi kukata nyota nzuri vile.

Muchiri alipotoka kula, nikachukua karatasi, nikaandika kwa mashine ya duka:

Hii ni kuthibitisha kwamba Bw. Ndegwa ameongea. Ameongea sana. Hahitaji kuongea tena. Simu asinyang'anywe.

Nikagonga muhuri. Pa!

Miaka ishirini na sita nimefukuza watu waliotaka mihuri ya uongo. Muhuri wa chifu, wa shule, wa daktari. Niliwahubiria. Mmoja alilia, nikamwambia hata ulie. Leo sikujihubiria hata neno.

Jumapili, 9 Februari

Cate ameisoma barua mara mbili. Akauliza mbona mshauri ameandika ameongea sana. Nikasema ndivyo wanavyoandika. Akauliza mbona ametaja simu. Nikasema tuliigusia.

Akanikumbatia. Alilia juu ya shati langu. Alisema hakuamini ningeweza, kwamba mimi ni mtu wa kumeza mambo, kwamba mama angefurahi. Nilisimama kama nguzo ya umeme. Nilipapasa mgongo wake kwa ule mkono wa kufikia sukari.

Simu imebaki kabatini. Nimeshinda. Sijawahi kushinda kitu kichungu hivi. Ndiyo, niliwahi. Kile kiti.

Cate alipokuwa akitoka aliipiga barua picha. Anataka kumpigia mshauri kumshukuru. Nambari iko kwa muhuri, akasema. Nambari iko kwa muhuri! Niliikata mimi mwenyewe, tarakimu baada ya tarakimu, na ilisomeka vizuri mno.

Jumatatu, 10 Februari

Sikula mchana. Nilimpigia Wamucii mara saba.

Saa tisa Cate akapiga. Nikashika kama mtu anayeshika pasi ya moto. Amempata mshauri na kumtumia picha ya barua. Amemshukuru kwa kumsaidia Baba yake, Ndegwa wa River Road, fundi wa mihuri. Kwanza mshauri alimwomba arudie jina. Kisha akasema, kwa heshima, kwamba hawezi kumwambia mtu yeyote ni nani anayeongea naye na ni nani haongei naye.

Cate amefurahi ajabu. Baba, huyo ako serious, akasema. Hata mimi hakuniambia!

Nimeokoka! Usiri wao ni kitu kizuri. Nimekunywa chai vikombe viwili.

Jumanne, 11 Februari

Sijaokoka.

Mshauri alikuja mwenyewe kuuchukua muhuri wake. Mama wa makamo, Kalasinga asiyevaa kilemba, nywele amezisuka nyuma, bangili ya chuma mkononi, viatu vya kutembea. Nilijua ni nani Muchiri aliposoma jina lake kwenye risiti. Nikaingia chini ya meza kutafuta skrubu.

Akaujaribu muhuri kwenye karatasi. Akausifu. Kisha akageuza mpira na kusema, mbona una wino, fundi, na ni mpya? Muchiri akasema huo ni wino wa majaribio. Akauliza ni nani aliyeukata.

Miaka yote Muchiri huiba kazi zangu. Nembo ya msikiti alisema ni yake. Muhuri wa chama cha wafugaji alisema ni wake. Leo, leo tu, akanyoosha kidole chini ya meza na kusema hii ni kazi ya Ndegwa, hapa River Road hakuna mkono kama wake.

Nikatoka. Sikuwa na skrubu.

Alinitazama bila kuinamisha kichwa. Akaniomba nimsindikize mpaka mlangoni. Pale, sauti chini, akasema kwamba kwa picha aliyoipata jana angeweza kwenda polisi, na kwamba alishavaa viatu kwa ajili hiyo. Lakini usiku mzima alikuwa akijiuliza ni mtu gani anayeghushi muhuri halafu anaandika simu asinyang'anywe. Akasema, Mzee Ndegwa, sijawahi kushukuriwa kwa kazi ambayo sijaifanya. Nataka niifanye. Alhamisi saa kumi. Kamera iwe wazi.

Nikamwita daktari. Akasema yeye si daktari. Nikasema samahani, daktari.

Muchiri alitaka kujua tulichozungumza. Nikasema bawasiri. Neno lilitoka lenyewe. Nikaeleza kwamba mama yule anajua mambo hayo na Alhamisi ataniongoza kwa simu, kwa hiyo mtu yeyote asiingie stoo.

Afadhali bawasiri kuliko huzuni. Bawasiri kila mtu anaielewa.

Alhamisi, 13 Februari

Muchiri amewaambia watu wote wa mtaa. Muuza nyanya amenipa majani ya kuchemsha. Mwenye duka la misumari amenishauri nisikae kwenye saruji. Na Muchiri mwenyewe, yule nyoka, amekuja na mto. Mkewe ameushona jana, kitambaa cha maua, wenye tundu katikati. Akauweka juu ya kile kiti. Akasema, Baba Cate, kaa vizuri, na kiti ni chako, sitakigusa tena.

Ingekuwa heri anitukane.

Saa kumi nikaingia stoo. Mlango haukufunguliwa. Muchiri alisimama nje akiulinda, nilimsikia akimfukuza mteja.

Gurleen hakuniuliza ninahisi nini. Aliniuliza kuhusu simu. Nikamweleza kuhusu wimbo, kuhusu sauti inayotangulia. Akauliza iwapo kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Nikasema hakuna. Akangoja. Yule mama anajua kungoja! Maboksi yote yalikuwa yakinitazama.

Basi nikasema. Siku ile ya Septemba Wamucii alinipigia mara tatu. Niliiona simu. Sikushika. Tulikuwa tukigombania kiti, mimi na Muchiri, kila mmoja ameshika mguu wake wa kiti, na duka zima linacheka. Nikasema moyoni, ni vitunguu vya kununua tu, atanikumbusha baadaye. Nilikipata kiti. Nilikikalia, nikavuta pumzi, nikampigia. Akashika Kaindi. Wamucii alikuwa ameangukia kwenye kamba ya nguo, na walikuwa njiani kwenda hospitali. Alifika, akafa. Mimi nilifika baadaye.

Na kiti bado nakikalia. Kila siku. Sasa kina mto.

Gurleen alikuwa amefunika mdomo. Akauliza, kwa maoni yangu, alitaka kuniambia nini. Nikasema sijui. Nikasema vitunguu. Halafu nikalia hivi kwamba Muchiri aligonga mlango na kusema pole sana, mzee, bawasiri ni mbaya.

Hata Gurleen alicheka. Mimi pia. Sikuwa nimecheka tangu mandazi yale ya siku ya kurekodi.

Hakuniambia niache kupiga. Amesema nipige mara moja tu kwa siku, niandike kwenye daftari hili, na Alhamisi ijayo nimsomee. Ukweli tu, Mzee Ndegwa, akasema. Niliapa.

Jumamosi, 15 Februari

Siku njema. Mwili mwepesi. Nimekula ugali wote. Cate amepiga, nikamwambia nimeongea, na kwa mara ya kwanza haikuwa uongo. Nimekusudia kumwambia kuhusu ile barua. Si leo, kwa sababu alikuwa na furaha. Nimekusudia pia kumwambia Muchiri kwamba siumwi. Lakini mkewe anashona mto wa pili, wa nyumbani, na itakuwa ni kumvunja moyo.

Jambo la kuandika kila siku lilinisumbua kidogo. Mkono wangu si mwepesi kwa kalamu. Kwa hiyo leo mchana, duka likiwa tulivu, nimejikatia muhuri mdogo wa mpira uliobaki. Mstari mmoja na nyota chini:

LEO NIMEPIGA MARA MOJA TU.

Umetoka vizuri sana. Nimegonga kurasa zote za daftari hili kuanzia leo mpaka mwisho wa Desemba. Gurleen atafurahi. Ataona mtu mwenye mpangilio.

Kisha nikapiga. Hii ni mara ya nne leo. Kaindi amegonga ukuta wa chumba changu, najua, kwa sababu hugonga. Kwaya ikavuta pumzi. Na kabla ya wenzake wote, peke yake, Wamucii akafungua mlango.